John Heisman, kocha wa vyuo vinane



Jumamosi moja wakati wa chai, kijana wa darasa la juu alituuliza sisi walimu huyo Heisman anayetajwa kwenye televisheni kila Desemba ni nani hasa. Mwalimu mmoja akasema ni mchezaji wa zamani. Mwingine akasema huenda ni kampuni. Mimi nikaendelea kunywa chai yangu kimya, maana nami nilikuwa sijui. Na aibu yangu ni kubwa kuliko ya wenzangu, kwa sababu naishi hapa hapa Atlanta na nikienda zamu ya usiku napita North Avenue, kando ya uwanja ambao mtu huyo alifanyia kazi yake kubwa. Basi nikaenda maktaba. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza niseme neno kwa bibi na babu wanaosomewa jarida hili. Futiboli ninayoizungumzia si kandanda yetu ya Simba na Yanga au Gor Mahia na Leopards. Ni ule mchezo wa Wamarekani wa mpira uliochongoka pande mbili, unaobebwa kwa mikono, na wachezaji wanakumbana kama mabeberu. Hapa Marekani vyuo vikuu vina timu za mchezo huo, na mechi zake hujaza viwanja vya watu elfu themanini na zaidi. Kila mwaka mchezaji bora wa vyuo hupewa sanamu ya shaba inayoitwa Heisman. Mwenye jina hilo hakuwahi kuwa nyota wa uwanjani. Alikuwa kocha, tena kocha wa kuhamahama.

John Heisman alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 23 Oktoba 1869. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na jina alilopewa nyumbani lilikuwa Johann Wilhelm. (Wenye watoto wanaoitwa hivi nyumbani na vingine shuleni mnaelewa.) Baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Mafuta yalipochimbwa kwa wingi magharibi mwa Pennsylvania, mzee akaifuata kazi huko, na John akakulia katika mji wa Titusville. Alimaliza sekondari mwaka 1887, akaenda Chuo Kikuu cha Brown, kisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kusomea sheria.

Alicheza futiboli akiwa na uzito wa kilo sabini na kidogo tu, mbele ya watu waliomzidi sana kimo na kifua. Mwaka 1892 alipata shahada ya sheria. Uwakili hakuufanya. Macho yalikuwa yanamsumbua na alishauriwa ayapumzishe, na wakili asiyeweza kusoma majalada usiku atakula wapi? Akapokea kazi ya kufundisha timu ya chuo kidogo cha Oberlin, Ohio. Nadhani alidhani ni kazi ya kupitisha muda. Aliifanya misimu 36.

Mwaka ule wa kwanza Oberlin hawakupoteza mechi. Hata hivyo moja ina ubishi mpaka leo, ile ya Michigan. Muda ulipokaribia kwisha waamuzi walitofautiana kuhusu saa. Watu wa Oberlin wakasema mechi imekwisha, wakatoka mbio kuwahi treni. Watu wa Michigan wakasema bado dakika zipo, mchezaji wao akabeba mpira akatembea nao hadi mwisho bila mtu wa kumzuia. Kitabu cha Oberlin kinaonyesha wameshinda 24 kwa 22. Kitabu cha Michigan kinaonyesha wameshinda wao 26 kwa 24. Zaidi ya miaka mia moja imepita na hakuna aliyefuta chake.

Mwaka 1893 alihamia chuo cha Buchtel, mjini Akron. Huko alikutana na mwanafunzi mmoja, Edith Cole, wakapendana. Hawakuoana, kwa sababu Edith alikuwa na kifua kikuu. Nawaomba mliweke jina hilo akilini, nitalirudia mbele.

Mwaka 1894 akarudi Oberlin. Kisha, na hili lilinichekesha, akaenda Marshall, Texas, akaweka akiba yake kwenye shamba la nyanya. Nyanya hazikumtajirisha. Akiwa huko ndipo chuo cha Alabama ambacho leo kinaitwa Auburn kilipomtafuta kuanzia msimu wa 1895, na akaingia kusini.

Kusini ndiko vituko vyake vilikoanzia. Katika mechi na Vanderbilt, mchezaji wake aliuficha mpira ndani ya fulana huku wenzake wamemzunguka, halafu akatoka taratibu na kukimbia nao hadi mstari wa mwisho. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyokataza. Lakini msidhani ujanja unalipa siku zote, maana Auburn walifungwa mechi hiyo 9 kwa 6. Mwaka 1896 Georgia Tech walikuwa wanakuja kucheza, na inasimuliwa kwamba usiku wanafunzi wa Auburn walienda kuipaka reli mafuta. Treni ikashindwa kusimama stesheni, ikateleza mbele maili kadhaa, na wageni wakalazimika kurudi kwa miguu na mizigo yao. Wakafungwa 45 kwa 0. Wanafunzi wa Auburn bado huadhimisha kisa hicho kwa maandamano wakiwa wamevaa nguo za kulalia.

Alikuwa pia mwigizaji. Msimu ukiisha alipanda jukwaani, na alizungumza kama mtu wa jukwaani hata uwanjani, kwa maneno mazito ambayo wachezaji walilazimika kuulizana maana yake. Mwaka 1897 timu ya Auburn ilipobaki na deni la dola 700, yeye aliandaa mchezo wa kuigiza ili kulilipa.

Sasa nifike mahali ambapo mimi, kama muuguzi, nilisoma nikafunga kitabu kwa muda.

Futiboli ya siku zile ilikuwa haina kofia ngumu, na mpira haukuruhusiwa kurushwa mbele. Njia ya kusonga ilikuwa moja, kushikana mikono, kujipanga kama kabari na kuivamia timu nyingine kwa kishindo. Anayebeba mpira alisukumwa na wenzake nyuma na wapinzani mbele, na alipoanguka, wote walimwangukia. Tarehe 30 Oktoba 1897 timu za Georgia na Virginia zilicheza hapa Atlanta. Kijana wa Georgia aliyeitwa Von Gammon, umri miaka 17, aliumia kichwa katika lundo la namna hiyo. Alipelekwa hospitali ya Grady na akafa kabla ya mapambazuko. Bunge la Georgia likapitisha mswada wa kupiga marufuku futiboli jimboni. Aliyeuokoa mchezo ni mama yake mwenyewe. Aliandika barua kuomba kifo cha mwanawe kisitumiwe kuua mchezo ambao mwanawe aliupenda, na gavana akakataa kutia saini.

Mimi ni mama wa watoto wa kiume. Nimejaribu kuielewa barua hiyo na sijafaulu. Lakini ndiyo iliyofanya uwanja wa North Avenue uwepo.

Heisman alikuwa amekwisha kuona kitu kingine. Mwaka 1895, hapa hapa Atlanta, alikwenda kutazama mechi ya North Carolina na Georgia. Mchezaji wa North Carolina alikuwa anataka kuupiga mpira kwa mguu, wapinzani wakamjia, naye kwa kubabaika akaurusha mbele. Mwenzake akaudaka na kukimbia nao hadi mwisho. Ilikuwa kosa wazi. Kocha wa Georgia, Pop Warner, alilalamika, lakini mwamuzi akasema hakuona mpira ukirushwa, na pointi zikahesabiwa. Watu wengine walirudi nyumbani wakiongelea mwamuzi. Heisman alirudi akifikiria ule mpira uliopita hewani. Kama mpira unaweza kwenda juu ya vichwa, wachezaji watalazimika kutawanyika uwanjani, na lile lundo litapungua.

Kwa miaka akamwandikia Walter Camp, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika kamati ya sheria, akimsihi pasi ya mbele iruhusiwe. Hakusikilizwa. Mwaka 1905 magazeti yalihesabu vijana wasiopungua 18 waliokufa kwa mchezo huo katika msimu mmoja, na Rais Theodore Roosevelt aliwaita wawakilishi wa vyuo vikubwa Ikulu akawataka warekebishe mambo. Mwaka 1906 pasi ya mbele ikawa halali. Si Heisman peke yake aliyeipigania, na sitaki kumvisha kilemba ambacho si chake chote. Wala vifo havikukoma mara moja, kwani mwaka 1909 viliongezeka tena na sheria zikabidi kukazwa upya. Lakini kila mnapomwona kijana anarusha mpira na mwenzake anaudaka mbali, kumbukeni barua zile zilizokaa miaka bila jibu.

Nimeruka, nirudi. Kuanzia 1900 alikuwa Clemson, South Carolina, misimu minne, na alishinda sana. Ujanja haukumwacha. Mwaka 1902 ilisemekana alitanguliza Atlanta kundi la vijana wenye mabegi ya timu, wakakesha wakila na kunywa mbele ya watu wa Georgia Tech. Wenyeji wakaweka dau zao wakiamini kesho yake Clemson watakuwa walevi. Kumbe timu yenyewe ilikuwa imelala kijiji cha mbali. Clemson 44, Tech 5. Mwaka uliofuata aliwafunga tena 73 kwa 0. Georgia Tech waliamua kwamba dawa ni kumnunua. Walimpa dola 2,250 kwa mwaka na asilimia 30 ya mapato ya mlangoni. Akahamia Atlanta mwaka 1904 na mke wake Evelyn, mwigizaji mwenzake, mjane aliyekuwa na mtoto wa kiume. Wakakaa miaka kumi na sita, muda mrefu kuliko mahali pengine popote alipofundisha.

Alikuwa mkali. Aliwakataza wachezaji keki, nyama ya nguruwe, njugu na kahawa. Katikati ya wiki aliwakataza hata maji ya moto na sabuni, akiamini vinalegeza mwili. Wanafunzi wangu wasije wakamtumia Heisman kama ushahidi nyumbani. Sabuni hailegezi mtu.

Sasa mechi ambayo kila anayemjua Heisman huitaja. Katika majira ya kuchipua ya 1916, Heisman akifundisha pia besiboli, timu yake ilifungwa 22 kwa 0 na chuo kidogo cha Cumberland, kutoka Lebanon, Tennessee. Ilisemekana Cumberland walichanganya wachezaji wa kulipwa. Heisman hakusahau. Wakati wa futiboli ulipofika, Cumberland walikuwa wamekwisha kuivunja timu yao na wakataka mechi ifutwe. Mkataba ulisema asiyefika alipe dola 3,000, na Heisman akaushikilia mkataba. Mwanafunzi mmoja, George Allen, akaokoteza wenzake kumi na kitu, wengi hawakuwa wachezaji kabisa, wakapanda treni kuja Atlanta.

Walicheza tarehe 7 Oktoba 1916. Robo ya kwanza ilikwisha 63 kwa 0. Mapumziko 126 kwa 0. Robo za kipindi cha pili zilifupishwa, lakini Tech hawakuacha. Inasimuliwa kwamba mchezaji mmoja wa Cumberland aliangusha mpira, akamwambia mwenzake auokote, na mwenzake akamjibu kwamba aliyeuangusha ndiye auokote. Mwisho ubao ulisoma 222 kwa 0. Hakuna mechi ya vyuo iliyowahi kufikia hapo.

Wapo wanaomtetea. Wanasema waandishi wa michezo wa siku zile walipanga timu kwa wingi wa pointi, naye alitaka kuwaonyesha kwamba kipimo hicho ni cha kipuuzi. Huenda. Mimi naona kisasi. Mtu yule yule aliyehangaika na barua miaka mingi ili vijana wasivunjike shingo aliwaita vijana wasiojua mchezo, kwa tishio la faini, waje waangushwe alasiri nzima mbele ya watu. Nimeisoma sura hiyo mara mbili nikitafuta mahali ambapo alijuta. Mwaka uliofuata, 1917, timu yake ilishinda mechi zote tisa na kutajwa mabingwa wa taifa. Kwa jumla ilikaa mechi 33 bila kufungwa.

Jambo jingine lazima niliseme, kwa sababu watoto wetu watajiuliza hata tukinyamaza. Auburn, Clemson na Georgia Tech za Heisman hazikupokea mwanafunzi mweusi hata mmoja. Georgia Tech ilifungua mlango mwaka 1961, Clemson 1963, Auburn 1964. Kijana yule aliyeniuliza swali, na ndugu zake, wasingeingia hata darasani.

Mwaka 1919 ndoa yake na Evelyn ilivunjika. Waliachana kwa heshima, bila kurushiana maneno. Walikubaliana kwamba Evelyn achague mji atakaoishi, na John asiishi mji huo huo, ili marafiki wasipate tabu ya kuwakutanisha. Evelyn alichagua Atlanta. Basi kocha mwenye uwanja, jina na ubingwa, akiwa na miaka 50, akafunga mizigo. Katika kuhama kwake kote, huku ndiko pekee ambako hakukuwa kwa ajili ya mshahara wala ushindi. Nimewaona watu wakiachana, katika jamii yetu hii ndogo ambapo kila harusi na kila msiba tunakutana wote, na najua ahadi ya namna hiyo ina gharama gani.

Alirudi Pennsylvania, chuo alichosomea, misimu mitatu ya kawaida. Mwaka 1923 akawa Washington na Jefferson, chuo kidogo cha magharibi mwa Pennsylvania. Huko alimkuta mchezaji mweusi, Charles West, aliyekuwa amecheza nafasi ya kuongoza timu katika mechi kubwa ya Rose Bowl tarehe 2 Januari 1922, mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Msimu ule wa Heisman, timu ya Washington na Lee kutoka Virginia ilikataa kucheza kama West atakuwa uwanjani. Chuo kikakataa kumweka kando, na mechi haikuchezwa. West baadaye alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard na kutibu watu Virginia, jimbo la wale waliokataa kusimama naye uwanjani.

Na Edith? Mwaka 1924 walikutana tena. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita tangu Akron. Dawa ya kifua kikuu ilikuwa bado haijapatikana. Streptomaisini ilikuja miaka ya 1940, kwa hiyo waliopona enzi zile walipona kwa hewa safi, chakula, kupumzika na majaliwa. Edith alikuwa hai. Safari hii walioana, kisha wakaenda pamoja Houston, Texas, ambako John alifundisha Chuo cha Rice, kituo chake cha nane na cha mwisho. Hakufanikiwa sana huko, na baada ya msimu wa 1927 akaacha kazi ya ukocha. Alikuwa ameshinda mechi 186.

Walihamia New York. Alifanya biashara ya vifaa vya michezo, akaandika makala, na mwaka 1930 akawa mkurugenzi wa michezo wa klabu moja ya wanariadha na wafanyabiashara, Downtown Athletic Club. Klabu ilipotaka kutoa tuzo kwa mchezaji bora wa vyuo, inasemekana yeye mwanzoni hakupenda wazo hilo, kwa kuwa mchezo huo hauchezwi na mtu mmoja. Tuzo ya kwanza ilitolewa mwaka 1935 kwa Jay Berwanger wa Chicago, na haikuwa na jina la Heisman.

Tarehe 3 Oktoba 1936 John Heisman alifariki New York kwa nimonia, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 67. Penisilini nayo ilikuwa haijaingia hospitalini. Miezi miwili baadaye klabu iliipa tuzo jina lake. Mweusi wa kwanza kuipokea ni Ernie Davis wa Syracuse, mwaka 1961, ambaye saratani ya damu ilimchukua akiwa na miaka 23 tu.

Nilijiuliza wamemzika wapi mtu aliyefundisha Ohio, Alabama, South Carolina, Georgia, Pennsylvania na Texas. Ni swali tunalolijua vizuri sisi tunaochangishana kila mara kusafirisha maiti. Jibu nililipata ukurasa wa mwisho. Edith aliuchukua mwili wake kwa treni hadi Rhinelander, Wisconsin, mji ambao John hakuwahi kufundisha. Ndiko nyumbani kwao Edith.